Watoto wa Wol

Barua ya ofisi ya kodi ya Marekani ilifika Lodwar mwezi wa pili mwaka 2013. Ilipitia kwenye sanduku la posta la shirika la visima ambalo lilikuwa limeshamwachisha Aguer kazi tangu Desemba. Mlinzi wa shirika, kwa wema wake, aliikunja mara nne akaitia mfukoni, na ilipomfikia Nyibol ilikuwa imeshika jasho la siku mbili. Nyibol hakuweza kuisoma. Lakini aliona mumewe Aguer alivyoisoma, akirudi juu kila alipofika chini, akajua kwamba haikuwa na pesa ndani.

Kesho yake wakaenda wote wawili kwa Shadrack. Shadrack alikuwa na chumba nyuma ya duka la kutoa fotokopi karibu na stendi, na kazi yake ilikuwa kuwajazia watu fomu: za kodi, za shule, za mirathi, hata za ndoa zilizokwisha kuvunjika. Mtu wa Kitale huyo, mnene, mwenye taulo shingoni kwa sababu ya joto, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuaminika kuliko feni yake.

"Sasa Aguer, hii maneno si ngumu," alisema baada ya kusoma. "Wewe uko na pasipoti ya Marekani, ulipewa walipokuchukua huko na wakimbizi. Mmarekani hata akienda kuishi mwezini, kila mwaka lazima atume fomu ya kodi. Na mwenye kulea mtoto, serikali yao inamrudishia mpaka dola elfu moja kwa mwaka, kila mtoto. Hata mtoto akiwa hapa Lodwar, haidhuru. Lakini mtoto lazima awe Mmarekani, na awe na nambari. Wako hawana nambari. Ndiyo wamekataa fomu uliyotuma."

"Nambari wanapata wapi?"

"Kwa ubalozi, Nairobi. Baba akiwa raia, anaapa kwamba mtoto ni wake, mtoto anaandikishwa uraia, nambari inakuja." Shadrack akapindua karatasi. "Lakini hapa kwa fomu umeandika nini? Uhusiano: mtoto wa marehemu kaka. Hawa watoto ni wako ama si wako?"

"Ni wa Wol," alisema Aguer. "Kaka yangu mkubwa."

"Wol alikufa lini?"

"Elfu mbili na sita. Barabara ya Lokichoggio."

"Na huyu msichana, Adhieu, amezaliwa lini?"

"Elfu mbili na tisa."

"Na kijana?"

"Elfu mbili na kumi na moja."

Shadrack akaweka kalamu chini. Alimtazama Aguer, akamtazama Nyibol, akarudi kwa Aguer. "Basi marehemu alikuwa mtu wa bidii," akasema, akacheka kidogo.

Hakuna aliyecheka naye. Nyibol aliitazama sakafu ya simenti, uso ukimwaka. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, alikuwa amezika mume mmoja na watoto wawili wachanga, na bado mtu mwenye taulo shingoni aliweza kumfanya ajione amekamatwa ugoni. Shadrack, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaona alichofanya. Akajifuta uso na kuomba msamaha.

Aguer akamweleza kwa maneno machache, maana si jambo ambalo Mdinka huona haja ya kulieleza. Wol alimwoa Nyibol kwa ng'ombe, akafa bila mtoto hai. Ndugu mtu akaja kumlelea nyumba. Watoto wanaozaliwa ni wa Wol, wanaitwa kwa jina la Wol, na mwanamke ni mke wa Wol. Ndiyo maana hata kliniki, kwenye kadi, palipoandikwa jina la baba pamejazwa Wol Aluong. Hakudanganya mtu. Aliulizwa akajibu.

"Nimeelewa," alisema Shadrack taratibu. "Lakini kompyuta ya huko haitaelewa. Huko baba ni mwenye damu. Ukiandika ukweli wa damu, unalipwa ya msichana miaka tatu, ya kijana miaka miwili. Dola elfu tano. Piga kwa themanini na tano. Ukiandika ukweli wenu, hupati hata stempu."

* * *

Laki nne na ushee. Nyibol aliibeba hesabu hiyo kichwani njia nzima hadi nyumbani, akipita kwenye mchanga wa moto chini ya mikoma iliyosimama kando ya mto Turkwel. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili vya matofali na bati, mali ya Mturkana mmoja jina lake Epuyo. Walipohamia ilikuwa elfu sita kwa mwezi. Tangu mafuta yagunduliwe mwaka uliopita na wageni wa makampuni wajae mjini, Epuyo alikuwa ameipandisha hadi kumi na mbili, tena kwa adabu, kama mtu anayekuletea habari za msiba.

Walimkuta ameketi kwenye kigoda chake mlangoni pao.

"Ejok, mama Adhieu."

"Ejok."

"Baba Adhieu, ejok-a?"

Aguer aliitikia salamu, jina akaliacha lipite. Majirani wa Lodwar wote walimwita hivyo, naye hakuitika kwa jina hilo hata siku moja.

"Miezi mitatu sasa," alisema Epuyo. "Mimi sifukuzi mtu. Watoto yangu inacheza na watoto yenu. Lakini kuna mtu wa kampuni anataka nyumba, analipa mwaka mzima. Mwezi wa tano, basi."

"Mwezi wa tano, mzee," alisema Aguer.

Epuyo alipoondoka, Nyibol akawasha jiko. Kurudi kambini Kakuma lilikuwa neno jepesi mdomoni tu. Kadi yake ya chakula ilikwishafutwa alipohamia Lodwar, na kuifufua kadi iliyokufa kambini ni kazi ya mwaka mzima wa foleni. Mkwewe, mama Apajok, alikuwa huko bado, anakula mgawo wa mtu mmoja. Wangeenda wanne kuketi juu ya mgawo huo.

"Utaapa?" aliuliza kwa Kidinka, bila kugeuka.

"Niape nini? Kwamba kaka yangu hana mtoto?" Aguer alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa. "Nilivyokuja kwako wazee waliniuliza nimekuja kama nani. Nilisema nimekuja kama Wol. Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Basi."

"Basi tutakula hiyo basi, mwana wa Aluong?"

Ilikuwa kauli kali, na mwanamke wa kwao haisemi kwa urahisi. Adhieu, miaka minne, akaja kumpandia magotini na kumwita baba mdogo, kama alivyofundishwa tangu aanze kusema. Nyibol aliwatazama. Paji la uso lilikuwa moja, masikio yalikuwa yale yale. Ulimi unaweza kufundishwa lakini masikio hayafundishiki. Na kuna jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata kasisi: kwamba Wol alikuwa mume wake kwa miaka miwili na Aguer kwa mitano, na kwamba usiku alipoota ndoto ya mume, mume huyo alikuwa na uso wa Aguer. Aliona aibu kwa hilo. Aliona pia kwamba si kosa lake.

Ilimchukua Aguer siku tisa. Siku ya kumi alivaa shati lake la ofisi akasema, "Shadrack anataka kidole cha mama."

* * *

Ilikuwa hivi. Watoto walizaliwa mkononi mwa bibi yao, kwa hiyo ubalozi ulitaka ushahidi wa bibi, wenye kiapo. Apajok hangeweza kutoka kambini bila karatasi ya ruhusa, na ruhusa ilikuwa inachukua wiki kadhaa. Basi Shadrack, na wakili kijana aliyekubali kwenda kwa elfu tatu na mafuta ya gari, wakabeba mhuri na kidau cha wino hadi Kakuma, pamoja na Aguer na Nyibol.

Apajok aliwapokea ndani ya nyumba yake ya udongo, ameketi juu ya kitanda cha kamba, mrefu hata alipokaa. Wageni wakapewa chai. Shadrack akasoma ile karatasi kwa Kiingereza, akaitafsiri kwa Kiswahili, kisha akamgeukia Nyibol. Kidinka hakukijua. Aguer alikuwa ametoka nje, anasema anaangalia gari.

Ikawa kazi ya Nyibol. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe, kama heshima inavyotaka, akaanza.

"Mimi Apajok, mama wa Aguer Aluong, naapa kwamba watoto wa Nyibol, Adhieu na Aluong mdogo, baba yao ni mwanangu Aguer."

Kikongwe akangoja. "Endelea."

"Kwamba Aguer ndiye aliyewazaa, na kwamba..." Akainamisha kichwa. "Na kwamba hakuna mwanamume mwingine aliye baba wa watoto hawa."

Nje kuku walikuwa wanaparua. Mama mkwe hakuonyesha hasira, na Nyibol angetamani angeionyesha.

"Mwambie huyo mtu mnene," alisema Apajok, "fahali wa jirani akiruka ua akampanda ng'ombe wako, ndama ni wa nani?"

Nyibol akatafsiri. Shadrack akajifuta shingo. "Mwambie mama, mimi naelewa. Lakini hii si uongo. Ni ukweli kabisa, wa damu."

"Damu hata fahali anayo," alisema Apajok aliposikia. "Nilitoa ng'ombe thelathini na tano kwa ajili ya huyu binti, tukawatoa tukiwa tunakimbia vita, ili Wol asipotee. Mtu akifa bila mtoto anakufa mara ya pili, na mara ya pili hakuna anayemlilia." Kisha akauliza swali ambalo Nyibol hakulitarajia. "Mnakula nini huko Lodwar?"

"Mahindi, mama. Mara moja kwa siku."

"Na maziwa ya mtoto?"

"Hakuna, mama."

Wakili kijana akatazama saa yake. "Wol alikuwa mtu wa kulisha watu," alisema Apajok mwisho. "Hata ule uji wa kambi alikuwa anagawa. Kama jina lake likiondoka kwenye karatasi na watu wakashiba, huenda asikasirike. Kiapo hiki ni cha mkuki, cha kwetu, au cha wino?"

"Cha wino, mama."

"Basi cha wino nitaapa. Lakini wewe utaniapia changu. Karatasi iseme inavyotaka. Mdomo usiseme. Mtoto huyu akiulizwa hapa, mbele ya kitanda hiki, yeye ni wa nani, atajibu Wol. Ukiniahidi hilo, leta huo wino."

"Naahidi," alisema Nyibol, na aliahidi kwa moyo wake wote.

Mkono wa kulia wa Apajok ulikuwa umekakamaa tangu zamani, hata kijiko alikishika kwa shida. Akatoa wa kushoto. Wakili akamshika kidole gumba, akakibonyeza kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi. Alama ilitoka nzuri, kila mstari ukionekana. Nyibol alimletea maji na sabuni lakini wino ule ulikuwa wa ofisi, haukutoka wote.

* * *

Ubalozi ulipanga siku ya mahojiano, mwezi wa nne. Shadrack akawaonya. "Huyo msichana yuko na akili ya kusema. Wataongea naye. Wanamuuliza tu kwa urafiki, baba yako ni nani. Akisema Wol, safari yote imeharibika."

Kumfundisha kukamwangukia Nyibol, maana Aguer alisema hawezi, na ilionekana kweli hawezi. Nyibol alinunua pakiti ya biskuti za glukosi, za shilingi kumi, akazificha juu ya kabati. Kila alasiri, mdogo akilala, alimsimamisha Adhieu katikati ya chumba.

"Baba yako ni nani?"

"Wol."

"Hapana. Baba yako ni Aguer Aluong."

"Aguer ni baba mdogo."

"Hapa ndani, ndiyo. Lakini watu wakikuuliza, unasema: baba yangu ni Aguer Aluong. Simama sawasawa. Mtazame mtu machoni. Sema kwa sauti."

Siku ya kwanza mtoto alilia. Siku ya pili alijibu kwa kunong'ona, akapewa biskuti moja, akanyamaza akiila kingo zake kwanza. Siku ya tatu alijibu kabla ya kuulizwa. Baada ya juma moja akaweza kusema kwa Kidinka, kwa Kiswahili, na kwa ile sentensi moja ya Kiingereza ambayo Shadrack aliwaandikia. Kila mara akimaliza, alinyoosha mkono wa kulia, kiganja juu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alilelewa kwa biskuti.

Jioni moja Aguer alirudi kutafuta kibarua akawakuta katikati ya somo. Akasimama mlangoni. "Baba yangu ni Aguer Aluong," alisema Adhieu, akimtazama machoni, kwa sauti, akanyoosha mkono. Aguer hakuwa na biskuti. Aligeuka akaenda kukaa nyuma ya nyumba, na Nyibol alipomfuata na maji alimkuta analia, kimya, mikono ikining'inia magotini. Hakumuuliza analilia nini. Kama kilikuwa kilio cha aibu au cha mtu aliyeitwa baba na mtoto huyo kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Nyibol alidhani ni vyote, kwa sababu na yeye ndivyo alivyojisikia.

* * *

Nairobi walikwenda watatu, Nyibol akabaki, maana ruhusa ya kusafiri hakupata. Siku nne hizo alizimaliza hivi hivi, bila kula vizuri, akiwaza kwamba mwanamume mwenye pasipoti sasa ana watoto wenye pasipoti, na yeye ana kadi iliyofutwa inayosema ni mjane. Walirudi salama, mchanga ukiwa kwenye nyusi zao. Adhieu alijibu vizuri mno, alisema Aguer. Chumba kilijaa watu wanaomtazama, hakutikisika. Mwanamke wa dirishani alimpa peremende.

Epuyo aliwavumilia mwezi wa tano, akawavumilia wa sita, akaacha kusalimia wa saba. Nambari za watoto zilifika wa nane. Hundi ikaja mwezi wa kumi, karatasi ya rangi ya majani makavu, na benki ikaikalia wiki sita kabla ya kukubali kwamba ni pesa. Aguer akalipa nyumba, malimbikizo na miezi sita ya mbele. Epuyo akazihesabu akasema, "Baba Adhieu, wewe ni mtu." Safari hii Aguer aliitika. Ilimponyoka tu, na Nyibol aliisikia akiwa jikoni.

Mwanzoni mwa Desemba wakaenda Kakuma wote, kumchinjia Wol. Aguer alitaka fahali lakini kambini fahali ni ugomvi na wenyeji, kwa hiyo akanunua beberu mkubwa mweupe kwa Lotiir, Mturkana aliyekuwa anauza mbuzi karibu na mto mkavu. Apajok alikuwa ameita watu wa ukoo, wazee na wake zao, karibu ishirini. Mchungaji akaomba. Mzee mmoja akalitaja jina la Wol, na majina ya baba zake hadi wa saba, na beberu akachinjwa.

Nyibol alikuwa amejiandaa. Tangu hundi ilipofika alianza kumfundisha mtoto upya. Njiani alimwambia tena, "Kwa bibi, ukiulizwa, unasema nani?" Adhieu akasema, "Wol," akichungulia dirishani. Akamuuliza tena walipofika. "Wol," alisema mtoto. Nyibol akatulia.

Ini likachomwa kwanza. Apajok, ameketi kwenye kitanda chake cha kamba kilichotolewa nje, akapewa kipande kwenye sahani ya bati. Ini lile lilikuwa fungu la mtoto wa marehemu. Akamwita Adhieu. Watu wakageuka wote kumtazama mtoto.

"Njoo, mwanangu. Waambie hawa watu. Wewe ni wa nani? Baba yako ni nani?"

Adhieu akazitazama zile nyuso zote. Nyibol aliona mabega yake yakinyooka, akajua kabla mdomo haujafunguka. Mtoto alisimama sawasawa, akamtazama bibi yake machoni.

"Baba yangu ni Aguer Aluong."

Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu.

Aguer alikuwa amesimama na kisu chenye damu, hakujua akiweke wapi. Mzee aliyetaja majina akakohoa. Apajok aliutazama ule mkono mdogo kwa mshangao. "Anaomba nini?" akauliza. Hakuna aliyejua ila Nyibol, na Nyibol alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Adhieu akadhani hakusikika. Akavuta pumzi, akarudia kwa sauti zaidi, vizuri, kila neno mahali pake, kama mama yake alivyomfundisha. Mkono haukushuka.

Bibi akachukua kile kipande cha ini kwa ule mkono wa kulia uliokakamaa, akakiweka kwenye kiganja cha mtoto, kwa sababu mtoto ni mtoto na ini lilikuwa linapoa. Adhieu akaenda kukila pembeni, akianzia kwenye kingo. Kisha Apajok akainama akakisugua kidole gumba chake cha kushoto, kile kilichotiwa wino, kwenye mchanga, akakitazama, akakisugua tena.